Mwavuli Yenye Nilitupa Mu Kapu

Siku ya posho, Jumamosi, asubui. Mvula ilinyesha tangu majogoo, sasa imetulia. Ukungu imekalia ziwa, ng'ambo haionekane. Courant iko, taa inawaka. Roho yangu iko nzuri.

Hiyo ya mwisho niirudilie, juu haifike kila siku. Roho yangu iko nzuri.

Ninaandika hapa mu mashini, ile batu banaita kompyuta, mu duka, hakuna mutu bado. Ninapiga na kidole kimoja, zile zingine zinaangalia. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu ku misioni, na nilitoka mwenyewe, hawakunifukuza. Kusoma, ninasoma sawa mutu anavuka muto mu mawe: ninakanyaga jiwe moja, ninangoja, ninatafuta lingine. Lakini ninafika ng'ambo. Niliendesha lori mu hii Kivu yote, kutoka kijiji ya Miti mupaka mu pori ya Shabunda, wakati barabara ilikuwa tope tupu, na hakuna bonde hata moja yenye ilikula gari yangu. Benye diplome njo balikuwa banasimama kando ya njia na kunipungia mukono, papa utupakie. Mimi njo nilikuwa ninaamua nani atakaa mbele.

Ninasema hivi ili mutu asifikiri mashini inaweza kuniogopesha.

Jana iliniogopesha.

Niseme kwanza duka ni ya nani. Mulango ni mimi nilipachika, meza ni mimi niliranda, lakini kazi ni ya Nsimire, bibi ya mutoto wangu Bisimwa. Bisimwa iko Kamituga anatafuta zahabu, anakuya wakati anakuya. Nsimire njo alisomea kupiga mashini ya zamani, na wakati hizi za kioo zilifika Bukavu na bazungu ba mashirika, akajifunza na hizo. Muzungu mumoja aliporudia kwao akamuachia moja, pamoja na ile ya kuchapa yenye inalia sawa mbuzi. Hapa Nguba mutu akifiwa, akiozesha, akibatiza, ni kwake anapita. Anatengeneza faire-part, ile karatasi ya kutangaza kifo. Anatengeneza mialiko ya ndoa na karatasi za misa. Kila aina iko na mufano wake umelala tayari mu mashini, na musitari mweusi pembeni ao na maua, inabaki tu kubadilisha majina.

Na Nsimire iko na mimba.

Ile ya kwanza ilitoka. Hatukuongea mingi juu yake, lakini tuliiona mu macho yake muda murefu. Nyumba yetu iko chini karibu na maji, duka iko juu ku barabara, na katikati ni mulima ya udongo mwekundu. Mvula ikinyesha hata mbuzi inashuka na matako. Kila asubui alikuwa anapanda ile mulima. Tumbo ilipoanza kuonekana, mimi nikasema mbele ya wote, sahani bado iko mezani, kwamba mashini nitaikalia mimi.

Bibi yangu, Mama Bisimwa, alicheka mupaka akaweka kijiko chini.

"Wewe? Redio yenyewe unaifungua kwa kuipiga kofi."

Nikamwambia redio ile ni kiziwi, lazima kofi. Mashini ingine nitaona.

Shida haikuwa akili yangu. Akili niko nayo. Shida ni kwamba kwetu bibi ya mutoto hakai karibu na baba mukwe. Jina yangu hataji. Mukono wake haipite mbele ya uso yangu. Na zaidi ya yote, hawezi kuniambia "papa, umekosa." Hata nyumba ikiwaka moto na mimi ninamwaga petroli nikifikiri ni maji, atatafuta mutu mwingine wa kunijulisha. Sasa mutu kama huyo anakufundisha namna gani?

Tulijaribu. Mimi nilikaa mbele ya mashini, nimevaa abacost yangu ya kahawia, ile koti ya bakubwa ba zamani, juu kazi ya ofisi ni kazi ya ofisi. Nsimire akasimama ku mulango. Mama Bisimwa akakaa katikati, ku kiti kidogo. Nsimire anamwambia bibi yangu, mama, labda papa angefungua ile ya juu. Bibi yangu ananigeukia, anasema, fungua ile ya juu, kama unajua juu ni wapi. Hivyo njo masomo yangu ilikwenda, na kila neno ilinifikia ikiwa imetiwa pilipili njiani.

Nikikosa, Nsimire alikuwa anakohoa. Hiyo tu. Kikohozi kidogo, kwa heshima. Siku moja alikohoa mupaka bibi yangu akamuletea maji ya moto na asali, alifikiri ni kifua.

Nilikuwa ninapotea mingi, niseme ukweli. Ile mifano yake ilikuwa imelala ndani sana. Unafungua mashini, ndani unakuta chumba, ndani ya chumba chumba ingine, na kila mulango iko na jina ya Kifaransa, jiwe kwa jiwe, jiwe kwa jiwe. Nikifika mulango ya tatu ninasahau nilikuwa ninatafuta nini. Mutu wa ndoa anasimama pale, anaangalia saa. Nsimire anakohoa. Alafu anasogea, mimi ninaamuka kwanza na kuenda nje, yee njo anakaa. Na tumbo yake inagusa meza. Na kesho yake anapanda mulima tena, juu ya makosa yangu.

Kisha akapata wazo. Sijui aliipatia wapi, ao ilikuwa ku kanisa.

Siku hiyo alikuwa peke yake ku mashini, mimi nimesimama ku dirisha, ninaangalia barabara, alafu akaanza kuongea na ukuta. Ndiyo, ukuta. Anasema polepole: eh, mutu anaweza kushika karatasi yenye iko ndani kabisa, akaifinya na kidole ya kuume, si ya kushoto, akaivuta mupaka huku inje ku uso ya mashini, akaachilia. Mashini itamuuliza anataka nini. Atajibu raccourci, ni kusema njia ya mukato. Ni hivyo tu. Karatasi inabaki kwake ndani, hapa inje inakuya picha ndogo ya kuiitia. Ukigonga picha, karatasi inakuya. Ukuta haikujibu. Mimi nilisikia yote, na yee alijua ninasikia, na hakuna mutu alivunjiwa heshima.

Akabadilisha na zile picha, juu zote zilikuwa karatasi nyeupe zenye kufanana, na mimi hapo ningerudia kusoma. Mashini iko na picha zake, unachagua mu zenye ziko. Musalaba haikuwako. Basi kwa kifo akatia mwavuli, juu nani aliwahi kuona mazishi Bukavu bila miavuli. Kwa ndoa tarumbeta. Kwa ubatizo tunda moja nyekundu yenye siiyoni ku soko ya hapa. Gazeti, kwa karatasi za misa. Zote zikajipanga ku uso ya mashini, safi, sawa vitu ku meza ya mama wa soko.

Kwanza nilikataa. Nilisema, kwa bibi yangu, kwamba dereva wa kweli anapita barabara, njia ya mukato ni ya bacoyoko, batu ba magendo, benye banaogopa polisi. Bibi yangu akasema, sawa, pita barabara, tutakuona Pasaka.

Kesho yake mutu akakuya na kifo. Niligonga mwavuli. Karatasi ikakuya, na musitari yake mweusi, tayari, mbele yangu. Mutu yule aliniita "Monsieur le Directeur." Sikumurekebisha.

Tangu siku hiyo duka nilikuwa ninaiendesha mimi. Nsimire alikuwa anapanda bado, lakini kwa kukaa tu. Alafu damu kidogo ikaonekana. Daktari akasema, kulala. Hakusema kupumuzika, alisema kulala, mugongo ku godoro, mupaka yee aseme. Huyu mama akipanda ile mulima tena, mutoto huyu pia atapotea. Alisema hivyo mbele yetu sisi wote, na Nsimire aligeuza uso ku ukuta.

Nilimuahidi Mungu siku ile, si kwa sauti: hakuna mutu wa duka atamuamusha ku ile kitanda.

Sasa jana.

Jana, siku ya tano ya juma, mapema, akakuya Papa Mushagalusa. Ni mutu mukubwa wa hapa juu, fundi wa kushona, mutu wa kusema kidogo. Macho yalikuwa mekundu. Mama yake alikufa usiku ile. Watazika leo, hii siku ninaandika. Ndugu bake bako Mumosho, bako Miti, gari ya Mumosho inatoka saa ya jua kichwani, na bila faire-part batu hawatajua saa ya misa wala wapi kilio inakaliwa. Nikamupa pole, nikamupa kiti. Kiti ya bageni iko kando ya meza, na mutu akikaa pale anaona kioo sawa mimi.

Na nikaona anaona tarumbeta.

Mutu iko na maiti ya mama yake ku nyumba, anakuya kwangu, ninamuwekea tarumbeta mbele ya macho, na tunda nyekundu? Kwetu ku kilio redio inafungwa. Picha ya ndoa ku ukuta inageuzwa. Jirani akiwa na sherehe anaisogeza. Mimi ni mutu mwenye kulelewa. Nikasema nitaondosha vitu vya furaha hapa mbele yake, niviweke nyuma, akienda nitavirudisha. Nilifikiri ni sawa kuondosha redio ku sebule na kuitia mu chumba cha kulala.

Nikavuta kale kapanya ka mashini ku meza, nikazungusha zile picha na kamusitari sawa kamba. Nilizungusha vizuri sana. Nilizungusha zote. Mwavuli ilikuwa katikati, kati ya tarumbeta na tunda, ikaenda nazo. Nikafinya touche, kifungo ya kufuta. Mashini ikauliza kama niko na hakika, nikajibu oui. Zikaanguka mu ile kapu ya takataka yenye iko pembeni.

Hapo bado ningepona. Lakini kapu ikajaa, karatasi zinachungulia kwa juu, na mimi nikaona haya tena. Nani anapokea mugeni mwenye kilio na kapu imejaa ku mulango? Nikaimwaga. Mashini ikauliza tena kama niko na hakika.

Mimi niko na hakika siku zote.

Uso ya mashini ikabaki tupu. Kapu, na ile picha ya mashini yenyewe, basi. Nikatafuta mwavuli juu, chini. Nikageuza ile kapu, iko safi. Nilijua sasa nimefanya nini: kazi yote ya Nsimire, mifano yote, ya vifo na ya ndoa na ya batoto, nimeitupa na kuimwaga, kwa adabu.

Papa Mushagalusa akangoja. Kisha akauliza pole pole:

"Papa, mashini inagonjwa?"

"Inapumuzika," nikasema.

Akangoja tena. Jua ilikuwa inapanda. Gari ya Mumosho ilipita kwenda kupakia, akaifuata na macho. Alafu akaweka mikono ku magoti, sawa mutu anataka kusimama, akasema neno ile yenye nilikuwa ninaogopa tangu mwanzo. Alisema nyumba yetu anaijua, iko hapo chini tu, atashuka haraka kumuita yule mama, atengeneze kidogo alafu arudie.

Na Nsimire angekuya. Ninamujua. Ungemwambia kuna mutu na maiti ya mama yake, angevaa viatu mbele ya wewe kumaliza kusema. Na mulima ilikuwa na maji.

Nilisimama mbele ya mulango. Mimi na abacost yangu.

"Yule mama haitwe," nikasema. "Hata kama ni gavana njo amekufa, haitwe."

Nilisikia mwenyewe namna ilitoka mubaya. Kwa mutu mwenye kilio. Basi nikamwambia ukweli, juu sikuwa na ingine. Nikamwambia mimba, na ile ya kwanza, na damu, na daktari. Nikamwambia na mwavuli, na nani aliitupa. Hiyo njo ilikuwa nguvu zaidi.

Papa Mushagalusa akainamia meza. Akaangalia ile kioo tupu. Kisha akakaa tena.

"Mama yangu aliniambia alilala vile vile kwa mimba yangu," akasema. "Muache alale. Tutafute sisi."

Nimeandika maneno yake sawa aliyasema. Niliogopa nitayasahau.

Tukatafuta. Wakati tunatafuta Mama Bisimwa akapanda na chakula, bugali na sombe. Aliangalia mimi ninavyotoka jasho, akaangalia kioo, akaelewa.

"Dereva," akasema, "leo uko mu bonde?"

Nikamwambia niko ku ukingo. Nikamuomba asimwambie Nsimire. Akasema hatasema kitu, lakini nikishindwa huyu papa atazika mama yake bila ndugu, habari itashuka yenyewe, na Nsimire ataamuka vile vile. Akafunika chakula, akampa Papa Mushagalusa pole na mikono miwili, akashuka. Ni mwanamuke wa kinywa, lakini hapo hakusema uongo.

Nilipobaki mbele ya kioo nikakumbuka ukuta. Ile siku Nsimire alikuwa anaongea na ukuta. Alisema nini? Karatasi inabaki kwake ndani. Inabaki kwake. Nikapiga meza. Nilikuwa dereva miaka yote, na sikuelewa kitu ya dereva! Ku barabara ya Kavumu kulikuwa kibao yenye imeandikwa Miti. Batu baliiba ile kibao kwa kutengeneza mulango ya kuku. Miti ilihama? Hapana. Tulifika Miti, kwa kuuliza. Mimi nilikuwa nimetupa vibao. Vijiji viko.

Basi nikapita barabara. Nikafungua picha ya mashini, nikafungua chumba, nikafungua chumba ndani ya chumba. Ninasoma jiwe kwa jiwe na Papa Mushagalusa anasoma nyuma ya bega yangu, yee anajua zaidi yangu kidogo, si sana. Mulango moja tukafungua ikatoka ndoa, na njiwa wawili na maua, nikaifunga haraka na kumuomba musamaha. Akasema si kitu, mama yake alipenda ndoa. Tukaendelea. Alafu nikaona neno yenye ninaijua bila mawe, juu nimeiona ku nyumba nyingi mu hii mji. DEUIL, ni kusema kilio.

Nikagonga. Ikakuya. Musitari mweusi, nafasi ya jina, nafasi ya misa, yote. Hakuna hata herufi moja iliumia.

Nilivua kofia. Sijui kama nilimuvulia Mungu ao Nsimire.

Kuandika ilikuwa kazi ingine. Yee anataja, mimi ninatafuta herufi, kidole kinazunguka hewani sawa tai. Jina ya marehemu ilikuwa M'Ruhamya, na kale kamukia kadogo ka juu kati ya M na R tulikatafuta mu mashini yote. Nilimuomba tuandike bila. Alikataa, alisema mama yake hatashuka mu kaburi na jina imepunguka. Yee njo alikaona, chini ya namba. Alikafinya mwenyewe. Kisha mashini ya kuchapa ikaanza kulia, mbuzi ya kweli, na courant haikukatika. Kwa hiyo pia asante.

Gari ya Mumosho ilikuwa tayari inaondoka. Nikasimama katikati ya barabara na kuinua mukono. Dereva wake alikuwa musaidizi wangu wa lori zamani, nilimufundisha kubadilisha gurudumu. Alisimama. Hakuna mutu mwingine mu Bukavu angemusimamisha pale, niandike na hiyo.

Papa Mushagalusa alipoenda nilifunga mulango kidogo. Nikarudia mu ile chumba, nikashika karatasi ya DEUIL na kidole ya kuume, si ya kushoto. Nikaivuta mupaka inje. Nikaachilia. Mashini ikaniuliza ninataka nini, nikaijibu. Ikakuya karatasi ndogo nyeupe na kamushale mu kona. Haikuwa mwavuli. Lakini niliigonga, na kifo ikafunguka.

Nilifanya na ya ndoa, na ya ubatizo, na ya misa. Peke yangu. Hakuna mutu alikohoa.

Kisha nikashuka. Ningeweza kunyamaza. Mama Bisimwa alikuwa ameniahidi, na Papa Mushagalusa iko na kilio yake, hataongea juu ya kapu yangu. Ilikuwa imefunikwa. Lakini njiani nilifikiri hivi: huyu mwanamuke alinitengenezea njia yote ile juu hakuwa na ruhusa ya kuniambia neno moja. Kama angekuwa na ruhusa, ningejua tangu zamani kwamba picha si karatasi.

Baba mukwe haingie mu chumba ya bibi ya mutoto wake. Nikabaki inje ya rido, ile pazia ya mulango, nikaketi ku kiti ya bibi yangu. Bibi yangu alikuwa ndani, anamupepea. Nikakohoa mimi. Nikasema yote, na tarumbeta, na kapu, na Papa Mushagalusa. Nikamwambia Nsimire, mama, hakuna kitu ilipotea, usiamuke.

Nilisikia kitanda ikilia, sawa mutu anataka kukaa. Bibi yangu akasema lala. Kitanda ikanyamaza.

Alafu nikasema neno yenye sikuwahi kuambia mutu, hata mukubwa wangu wa kazi.

"Nsimire, nilikosa wapi? Sema wewe. Usimwambie mama aniambie."

Nilisikia mvula ku mabati. Nilifikiri nimemuzidishia haya. Kisha bibi yangu akamwambia, papa yako anakuuliza, mujibu, hii bahati haitarudi.

"Papa," Nsimire akasema, sauti ndogo sana, "ulikosa pale ulimwaga kapu. Kama hungemwaga, zingerudi."

Nikasema, asante mama.

Nilifikiri imeisha. Kumbe alikuwa ameweka zingine. Alisema, na tena papa, ukizima mashini usitoe waya ku ukuta, uliza kwanza izime yenyewe. Na tena papa, ile panya usiinue juu, inatembea ku meza. Na tena papa, jina ya batu uliandika na herufi kubwa mupaka mwisho, ile siku ya ndoa ya mwalimu, batu balifikiri unabapigia kelele. Alikuwa na akiba! Bibi yangu alicheka mupaka pepeo ikaanguka. Mimi nilikaa pale ku kile kiti kidogo, nikapokea yote, moja moja, na sikujibu hata moja. Yenye alisema juu ya herufi kubwa sikubaliani nayo. Lakini sikujibu.

Kisha akanifundisha mwavuli. Si kwa ukuta, si kwa mama. Kwangu. Papa, ufinye picha na kidole ya kuume, uende mwisho kabisa kwa Propriétés, ufinye kubadilisha picha, zitatokea nyingi, mwavuli iko karibu na ngome. Nikarudilia. Akasema hapana papa, umesahau Propriétés. "Hapana papa." Miaka yote yenye iko mu nyumba yangu, sikujua sauti yake iko na hiyo neno. Ni neno nzuri. Inaokoa wakati.

Leo asubui nimepanda mulima na ile neno ku kichwa, Propriétés, Propriétés, batu njiani banafikiri ninasali. Nimekaa. Mwavuli imerudi. Tarumbeta imerudi. Tunda bado, nimetia nyota kwanza, mutoto wa ubatizo hatakasirika. Na nimejua sasa: mutu wa kilio akikuya, nageuza kiti yake iangalie dirisha.

Mbele ya mimi kupanda, Mama Bisimwa aliniambia usiku Nsimire alilala vizuri, damu haikuonekana tena, na mutoto alipiga teke yenye yee mwenyewe aliisikia na mukono. Daktari atapita siku ya kwanza, kesho kutwa. Hatujui. Ninaandika "hatujui" juu mimi si mujinga. Lakini yuko chini pale, amelala, miguu juu ya muto, na duka iko wazi.

Hapa barabarani batu ba kilio banapita sasa, banakwenda kuzika mama wa Papa Mushagalusa. Ndugu ba Mumosho bamefika, nimeona gari. Nitafunga kidogo, nibafuate. Mutu alinipa uvumilivu siku yenye hakuwa nayo ya kutosha kwake mwenyewe, siwezi kubaki hapa na mashini.

Kisha nitarudia. Na kesho kutwa, na kesho yake ingine, mupaka daktari aseme, ni mimi nitafungua huu mulango.

Na huyu mutoto akifika, akikua, akiuliza nani alimuchungia njia yake ya kukuya, batamuonyesha mama yake. Mimi nitasema, ndiyo, ni yee. Nitasema hivyo kwa sauti, mbele ya batu bote.

Lakini kidogo, si na mimi nilimuchungia?